Jinsi punda alivyofika Addis Ababa: kazi ya ushawishi ya mashirika ya ustawi wa wanyama

Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubali kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Punda, ambaye kwenye taarifa nyingi za wizara za mifugo huambulia mstari mmoja chini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, akawa ajenda ya marais.

Uamuzi ule haukushuka wenyewe. Nyuma yake kuna miaka ya kazi ya mashirika kama The Donkey Sanctuary, Brooke na SPANA, pamoja na vikundi vya wamiliki wa punda ambavyo majina yao hayaandikwi magazetini. Wengi huidhani kazi hiyo ni mikutano ya hotelini na picha za mitandaoni. Nataka kueleza inavyofanyika hasa, kwa sababu naona vikundi vingi vinavyotetea mbwa wa mitaani, kuku wa vizimbani au ng'ombe wa minadani vikimaliza nguvu zao kwa kubisha mlango usiohusika, au mlango unaohusika kwa wakati usiofaa.

Kwanza chanzo cha balaa. Ejiao ni gundi inayopatikana kwa kuchemsha ngozi ya punda, na katika tiba ya jadi ya Kichina hutumika kama dawa, na siku hizi pia kama kinywaji na kipodozi. Mahitaji yalipopanda, punda wa China walipungua kutoka takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3. Hawakupungua kwa uzembe wa wafugaji. Punda hubeba mimba ya takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hafai kufanya kazi nzito kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne. Hakuna ranchi inayoweza kuzalisha punda kwa kasi ya kiwanda. Wanunuzi wakageukia Afrika. Niger ilitoa nje punda wapatao 27,000 mwaka 2015. Mwaka uliofuata, miezi tisa tu ilitosha kufikisha 80,000, na Septemba 2016 serikali ikafunga mlango. Burkina Faso nayo ilipiga marufuku mwaka huohuo.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Punda alikuwa ameingizwa kwenye orodha ya wanyama wa kuliwa, na kuanzia 2016 machinjio yenye leseni ya kuuza nje yakaanza kazi. Yakafika manne: Mogotio kaunti ya Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Hapo ndipo somo letu linapoanza.

Waziri anayesimamia mifugo ana kazi ya kuongeza uzalishaji, mapato na mauzo ya nje. Ukimpelekea picha ya punda aliyevunjika mguu kwenye lori atasikitika, kisha atakuuliza machinjio yale yameajiri watu wangapi. Mashirika yaliyofanikiwa yalilielewa hilo mapema. Hayakuyaficha mateso, kwa sababu ndiyo sababu ya kuwepo kwao: punda kusafirishwa siku kadhaa bila maji, majike wenye mimba kuchinjwa, vidonda kuachwa vioze. Lakini mbele ya wizara waliuliza swali jingine. Nani anaamka asubuhi na kukuta hana tena punda, na anapoteza kiasi gani?

Jibu lilihitaji takwimu, na hapa kuna uamuzi mmoja ninaouheshimu sana. Brooke East Africa haikuandika ripoti ya kwake na kuipeleka wizarani. Ilifadhili utafiti uliofanywa na KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, na matokeo yakatoka Juni 2019. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda 301,977 walikuwa wamechinjwa. Kiwango cha kuchinjwa kilikuwa asilimia 5.1 kwa mwaka ilhali punda huongezeka kwa asilimia 1.04. Punda 4,191 walikuwa wameripotiwa kuibwa. Watafiti wakasema mwendo ule ukiendelea, punda wa Kenya wangekwisha kufikia 2023. Waziri anaweza kuipuuza ripoti ya shirika la wageni. Ripoti ya taasisi yake mwenyewe ni shida kuitupa.

Takwimu hizo zina udhaifu, na anayezitumia aujue kabla mpinzani hajauonyesha. Punda waliochinjwa Kenya hawakuwa wote wa Kenya. Wengine walivushwa kutoka nchi jirani. Kwa hiyo idadi ya waliochinjwa ukiigawanya kwa idadi ya punda wa Kenya pekee, mwanasheria wa machinjio atakubana. Hata sensa ina mtego: ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ya 2019 milioni 1.17 hivi. Pengo ni kubwa na inashawishi kusema lote limeliwa na machinjio. Usiseme hivyo. Sema kwamba pengo ni kubwa, kwamba uchinjaji ni sababu iliyothibitishwa, na kwamba ukame na wizi navyo vimo. Kuhusu utabiri wa "watakwisha mwaka fulani", uutumie mara moja tu na utaje masharti yake, kwa kuwa mwaka huo ukifika na punda wangalipo, hata takwimu zako sahihi zitachekwa.

Ukitaka takwimu za machinjio yenyewe, ziombe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kujibu. Wengi hukwama hapa kwa sababu haki hiyo ni ya raia wa Kenya au taasisi inayomilikiwa na raia wa Kenya. Ombi lililoandikwa kwa jina la shirika la nje linaweza kukataliwa, na hapo hujui tena utakata rufaa vipi. Aandike raia, kwa jina lake, na ataje hati anayotaka: rejesta za ukaguzi wa nyama za mwezi hadi mwezi, nakala za leseni, vibali vya kusafirisha mifugo. Ombi la "taarifa zote kuhusu punda" hujibiwa kwa ukurasa mmoja wa maneno matupu.

Thamani ya punda kwa familia ihesabiwe kijijini, mbele ya mwenye punda. Chukua mfano wa kubuni wa mchuuzi wa maji: mkokoteni unabeba mitungi 10 ya lita 20, safari nne kwa siku, mtungi unauzwa shilingi 10. Hiyo ni shilingi 400 kwa siku ya kazi. Toa malisho, matengenezo ya matairi na lijamu, ada ya kisimani na dawa za minyoo. Toa pia siku za mapumziko, maana punda asiyepumzika hadumu, na bila kuzitoa utakuwa unajenga hoja yako juu ya mateso yaleyale unayoyapinga. Kinachobaki kwa mwaka kilinganishe na bei anayolipwa mtu mara moja tu mlangoni kwa machinjio, kisha na bei ya kununua punda mwingine baada ya soko la ngozi kupandisha bei. Hesabu hiyo ikisomwa na mama mwenye mkokoteni wake mwenyewe, kamati ya Bunge humsikiliza kwa namna isiyomsikiliza daktari wa mifugo wala mkurugenzi wa shirika.

Kuna hoja moja inayokata pande mbili, nayo ni afya ya walaji. Nyama ya punda aliyechinjwa vichakani na kuuzwa kama ya ng'ombe huwashtua wabunge wa mijini, na ni kweli ni hatari kwa sababu haikukaguliwa. Lakini mwenye machinjio atajibu papo hapo kwamba ndiyo maana panahitajika machinjio yenye leseni. Jibu lipo katika mpangilio wa matukio: soko lenye leseni ndilo lililoipa ngozi bei, na bei ndiyo iliyowatuma wezi mabomani usiku. Ukileta hoja ya afya, ileteni pamoja na rekodi za polisi za wizi wa punda kabla na baada ya machinjio kufunguliwa. Bila hizo, iache.

Sasa karatasi. Waraka wa kumpa waziri au katibu wa wizara usizidi kurasa mbili, na ombi lako liwe kwenye aya ya kwanza. Ombi lenyewe liwe jambo ambalo ofisi ile ina mamlaka nalo. "Tunaomba serikali ilinde punda" si ombi. "Tunaomba kanuni zilizo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama zirekebishwe ili punda aondolewe kwenye orodha ya wanyama wa kuchinjwa, na rasimu ya marekebisho imeambatishwa" ni ombi. Rasimu hiyo ndiyo kazi kubwa. Ofisa wa wizara ana mafaili mengi mezani, na anayempelekea maneno yaliyokwisha kuandikwa kisheria anampunguzia kazi ya majuma.

Kwa muswada ulio bungeni, andika kwa safu nne: kifungu, kinavyosema sasa, unavyopendekeza kisomeke, na sababu. Makarani wa kamati hupanga maoni ya wadau kwa mtindo huo, kwa hiyo waraka wako utaingia kwenye taarifa ya kamati ulivyo. Waraka wa kurasa 15 za insha hufupishwa na karani kuwa sentensi moja, wala si lazima iwe ile uliyoitaka. Muda nao ni mfupi. Tangazo la kuomba maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge likiwa na siku chache tu, hivyo anayesubiri tangazo ndipo aanze kuandika huwa amechelewa. Mlango ulio wazi zaidi ni pale muswada ulipo mikononi mwa kamati. Kamati ikishaandika taarifa, kubadilisha kifungu kunahitaji mbunge asimame na marekebisho yake mwenyewe katika hatua ya kamati ya Bunge zima, na akidi na subira ya wabunge saa hizo haviaminiki.

Kama hakuna muswada, kuna ombi rasmi kwa Bunge. Ibara ya 119 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki hiyo, na sheria ya 2012 inaeleza utaratibu. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo vikundi vya vijijini mara nyingi hawaambiwi. Liwe na lugha ya heshima, lisiwe na maneno yaliyofutwa au kuongezwa juu ya mstari, litaje kama juhudi zimefanywa kwa ofisi husika na matokeo yake, liseme kama suala liko mahakamani, na limalizie kwa kuomba jambo mahususi. Majina, anwani, namba za vitambulisho na saini viwepo. Asiyejua kuandika huweka alama ya dole gumba. Karani ana siku saba za kukagua kama limetimiza masharti, na kamati nayo ina muda uliowekwa wa kutoa jibu. Yanayoanguka huanguka kwa mambo madogo: hakuna ushahidi kwamba wizara iliandikiwa kwanza, au ombi linataka Bunge lifanye kazi ya gavana.

Na kazi ya gavana ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti minada ya mifugo, machinjio ya kaunti, huduma za mifugo, na pia udhibiti na ustawi wa wanyama. Anayetaka kivuli na maji mnadani, sehemu ya kuteremshia mifugo isiyovunja miguu, au ofisa wa kukagua malori, asiende Nairobi. Aende kaunti, na aende kabla ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28. Jambo lisilokuwemo kwenye mpango wa miaka mitano wa kaunti wala ule wa mwaka litapigiwa makofi kwenye mkutano wa hadhara, lakini halitapata shilingi.

Sasa marufuku ya Kenya. Februari 24, 2020, baada ya wamiliki wa punda kuandamana Nairobi, Waziri wa Kilimo Peter Munya alitangaza kufunga uchinjaji wa punda. Mashirika yalishangilia, na yalistahili. Mei 2021, kampuni moja ya machinjio ikiwa imeshtaki, Mahakama Kuu ya Naivasha ikaitengua marufuku ile.

Hapa naomba msomaji akae kitako, kwa sababu ndipo kampeni nyingi hufia. Kenya ina Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013. Waziri anapotunga au kubadilisha kanuni anatakiwa ashauriane na watakaoathirika, na kanuni ikiwa itawagharimu watu, aandae taarifa ya athari inayopima gharama, faida na njia mbadala. Kanuni ikishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, nakala ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo inabatilika. Juu ya hapo, mwenye leseni ana haki ya kusikilizwa kabla leseni haijaguswa. Ni Ibara ya 47 ya Katiba. Tamko la waziri mbele ya umati halitimizi hata moja ya hayo. Mwekezaji aliyeweka mtaji wake hana haja ya kuthibitisha kwamba kuchinja punda ni jambo jema. Anahitaji tu kuonyesha kwamba hatua fulani ilirukwa.

Kwa hiyo shirika linalofanya kazi hii vizuri halimsukumi waziri atangaze kesho. Linamuuliza: taarifa ya athari iko wapi, na kama haipo, tunaweza kutoa takwimu zake? Mikutano ya maoni itafanyika kaunti zipi, na orodha za waliohudhuria atatunza nani? Wenye machinjio wameandikiwa barua lini, na wamepewa siku ngapi za kujibu? Watapewa muda gani wa kufunga biashara? Ni ajabu kumwona mtetezi wa punda akihakikisha kwamba adui wake kesini amesikilizwa ipasavyo, lakini usikilizwaji huo ndio unaofanya marufuku isimame mahakamani. Na pasipo kanuni safi, marufuku hudumu hadi waziri ajaye.

Kuhusu pesa nitasema kidogo lakini kwa mkazo. Shirika la hisani halipigii debe chama wala mgombea. Sheria ya Uingereza, ambako mengi ya haya mashirika makubwa yameandikishwa, hairuhusu, na sheria ya Kenya ya mashirika ya manufaa kwa umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, nayo inakataza. Kuzungumza na wabunge wa vyama vyote kuhusu muswada ni halali. Hatari iko kwenye posho. Ziara ya kamati kwenda kuona mnada inaweza kugharamiwa, lakini mwaliko upitie ofisi ya karani kwa maandishi, gharama zilipwe kwa hoteli na mwenye gari, na bahasha isitoke mkononi mwa mtu kwenda mkononi mwa mtu. Wanaokupinga wakipata bahasha moja tu, kazi ya miaka mitano imekwenda. Vilevile lawama ya "wazungu wanapenda punda kuliko watu" haijibiwi kwa hasira. Chapisha nani anafadhili nini, na wamiliki wa punda wawe ndio wenye kampeni kweli, wenye uwezo hata wa kukukatalia pendekezo.

Tanzania ilipata njia yake. Tayari ilikuwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Desemba 2021 serikali ikapiga marufuku uchinjaji wa punda kwa miaka kumi. Mwaka uliofuata, Desemba 1 na 2, 2022, Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa bara zima kuhusu punda. Uliitishwa na AU-IBAR, ofisi ya Umoja wa Afrika ya rasilimali za wanyama yenye makao yake Nairobi, pamoja na mashirika yaliyotajwa hapo juu. Azimio la Dar es Salaam ndilo lililopendekeza usitishaji wa miaka 15.

Mahali penyewe palikuwa na maana. Nchi moja ikifunga, biashara huhamia kwa jirani, na punda huvushwa usiku. Waliokaa Dar es Salaam walihitaji jambo litakalozifunga nchi zote kwa pamoja. Azimio la mkutano halina nguvu ya kisheria, ila lilikuwa tiketi ya kuingilia: kutoka hapo hoja ilipelekwa kwenye kamati maalumu ya kitaalamu ya mawaziri wa kilimo, ikapanda kwa baraza la mawaziri wa mambo ya nje, hadi kwa wakuu wa nchi. Kila ngazi ina maofisa wanaoandaa nyaraka kabla ya mabosi kufika. Ofisa wa ubalozi Addis Ababa asiyejua kwa nini punda yumo kwenye ajenda ataomba kipengele hicho kiahirishwe. Ndiyo maana wiki nyingi za ushawishi wa kibara huishia kwenye ofisi za maofisa wa kawaida, kurasa mbili mkononi, nchi baada ya nchi.

Uamuzi wa Addis hautekelezwi na Addis. Kila nchi inapaswa kuutia kwenye sheria zake, na hapo ndipo kazi ilipo sasa: kanuni za nyama, adhabu za usafirishaji, na ukaguzi wa bandarini. Hilo la mwisho lina shimo ambalo wachache wameliona. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, punda aliye hai ana namba yake, 0101.30, lakini ngozi mbichi ya punda huwekwa kundi moja na ngozi ya ng'ombe, chini ya 4101. Kontena la ngozi za punda likiandikwa kwa namba hiyo limeandikwa kihalali, na hakuna takwimu ya biashara itakayolitofautisha na la ng'ombe. Nchi au jumuiya ya forodha inaweza kuongeza tarakimu baada ya sita za kimataifa na kuitenga ngozi ya punda. Ombi hilo halihitaji Bunge wala maandamano. Linapelekwa kwenye mamlaka ya mapato na wizara ya biashara, na kwa nchi zetu kwenye kamati za forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Arusha, likiwa na ukurasa mmoja na namba iliyopendekezwa.